Mama Kadi na Kona Iliyokunjwa

Mkono wa kulia wa Mama Kadi ulianza kumsaliti mwaka mmoja na nusu kabla mtu yeyote ofisini hajajua. Ulianza kwa ganzi kwenye kidole gumba, ganzi ikahamia kidole cha shahada, mwishowe kila alfajiri akawa anaamka na kiganja kizima kimekakamaa. Alikikanda kwa maji ya moto, akanyoosha kidole kimoja kimoja, akafunga bandeji. Kisha, kabla ya kufika getini kwa kampuni, aliifungua ile bandeji na kuitumbukiza mkobani. Karani anayeingia kazini na bandeji mkononi ni sawa na dereva anayeingia kazini akipapasa ukuta.

Kampuni yenyewe ilitengeneza mafriji na vyumba vya baridi. Wateja wake walikuwa mabucha, wauza maziwa, hoteli ndogo, maduka ya dawa na zahanati. Kulikuwa na mafundi wanane, mtunza stoo mmoja, bosi mmoja, na Mama Kadi, aliyekaa kwenye meza iliyo kati ya simu na dirisha kwa miaka ishirini na mitatu. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Hata mumewe akipiga simu ofisini alikuwa anasema, "Nipeni Mama Kadi."

Kazi yake ilikwenda hivi. Simu ikilia, aliandika taarifa ya mteja kwenye daftari kubwa. Kutoka kwenye daftari alinakili kadi nyeupe ya fundi, halafu kadi ya njano ya stoo, halafu kadi ya bluu ya bosi. Jioni alizinakili zote upya kwenye karatasi ya ripoti. Mteja yuleyule, mtaa uleule, friji ileile, mara tano. Siku ya simu arobaini, basi tena, alikuwa anatoka ofisini saa moja jioni huku mkono unaning'inia kama si wake.

Mtu atauliza, kwani karatasi za kaboni zilikuwa zimekwisha duniani? Hazikuwa zimekwisha. Ila mzee aliyeanzisha kampuni aliwahi kuumbuliwa na kaboni. Kaboni iliyochakaa iliifanya moja ionekane saba, fundi akaenda nyumba namba sabini na moja badala ya kumi na moja. Akawakuta watu ambao hawakuita fundi, akaifungua friji yao iliyokuwa nzima, akaifunga, wakamshukuru sana. Kule namba kumi na moja, bucha zima liliozesha nyama. Mzee aliapa kwamba kaboni haitakanyaga tena ofisini mwake. Mzee alishafariki, binti yake akakalia kiti, na kaboni ikabaki marufuku ingawa hakuna aliyekumbuka vizuri kisa chenyewe. Sheria nyingi za ofisini huzaliwa hivyo, kwa hasira ya mtu mmoja ya siku moja.

Na kadi zilikuwa na lugha yao. Kadi nyeupe zote zilichomekwa kwenye msumari mrefu karibu na mlango, na kila fundi alipita pale kuchukua zake. Kona ya juu kulia ikikunjwa, maana yake kuna dawa au chakula kinaharibika, acha kila kitu uende. Kona ya kushoto ikikunjwa, mteja ni mkali, nendeni wawili. Kona ya chini ikichanwa kidogo, kuna mbwa. Hakuna aliyewahi kuyaandika mambo haya mahali popote. Fundi mpya aliambiwa siku ya kwanza, na akisahau, mbwa alimkumbusha.

Nyumbani walikuwa watatu. Yeye, baba wa watoto wake ambaye alikuwa seremala, na mjukuu wao wa kike wa miaka saba, ambaye mama yake aliajiriwa mji mwingine na alikuwa akija kila mwisho wa mwezi. Tangu mtoto apate nywele za kushikika, kila Jumamosi bibi alimkalisha chini katikati ya magoti yake na kumsuka mistari tisa iliyonyooka hadi kisogoni. Walikuwa wanapiga soga muda wote huo, mtoto akisimulia ya shule, bibi akisimulia ya mbwa na mafundi. Mkono ulipogoma, bibi alisema amechoka, akampeleka saluni. Jumamosi ya pili saluni. Ya tatu saluni. Ya nne, mtoto akamuuliza:

"Bibi, umenikasirikia?"

"Nikukasirikie kwa lipi, mama? Bibi amechoka tu."

Akaenda jikoni, akawasha moto chini ya sufuria isiyokuwa na kitu. Hilo swali lilimuuma kuliko mkono wenyewe.

"Mwambie bosi," mumewe alimsihi usiku uleule.

"Nimwambie nini? Kwamba karani wake haandiki?"

"Mimi nikijikata kidole nasema nimejikata kidole."

"Wewe una vidole tisa na karakana ni yako mwenyewe. Niache."

Mumewe alivitazama vidole vyake tisa, akaona hoja ina uzito, akazima taa. Mama Kadi alikuwa ameshakata shauri. Kwenye meza ile ataondoka siku atakayoichagua yeye, kwa miguu yake, si kwa kuonewa huruma. Mpaka siku hiyo atakaza meno.

Asubuhi moja bosi alikuja, akavuta kiti, akakaa upande wa pili wa meza. Huyu bosi alipokuwa mtoto alilazwa chini ya meza hiyohiyo kila marehemu baba yake alipokuwa na wageni, na mpaka leo alimwita Mama Kadi shangazi, hata mbele ya wateja.

"Shangazi, kuanzia mwezi ujao tunaacha kadi."

Mama Kadi aliweka kalamu chini. "Tunaziacha zinaenda wapi?"

"Haziendi popote. Unaandika taarifa ya mteja mara moja tu kwenye kompyuta. Mfumo unaipeleka wenyewe kwenye simu ya fundi, na kwa stoo, na kwangu. Ripoti inajitengeneza."

"Na mimi?"

"Wewe utapata nafasi ya kufanya kazi nyingine."

Kazi nyingine! Tangu ofisi zivumbuliwe, hakuna mfanyakazi aliyeambiwa maneno hayo akalala usingizi. Mama Kadi alitabasamu, akasema ni jambo zuri, akaenda chooni, akafungulia bomba na kulia dakika mbili kwa saa yake. Alipotoka, alikuwa amejifunga kibwebwe. Kama mkono wa kulia haufai, upo wa kushoto. Kama kuna mashine, itajulikana. Jioni zile alipofika nyumbani aliweka mbele yake kibodi ya zamani ya kompyuta, mjukuu anataja herufi, yeye anaisaka kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto.

"Bibi, M iko huku!"

"Nimeiona. Nilikuwa naisalimia kwanza."

Mtaalamu aliyeletwa kuweka mfumo alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na ushee, mwenye upara na viatu vinavyolia. Aliwauliza wote maswali kwa wiki nzima. Simu zinakuja ngapi? Nani anachukua kadi ipi? Mama Kadi alijibu yote aliyoulizwa. Kuhusu kona hakuulizwa, naye hakukumbuka kusema, kwa sababu mtu huwa hakumbuki kueleza namna anavyopumua.

Siku mbili za kwanza mambo yalikwenda vizuri hadi Mama Kadi akashangaa. Mafundi hawakulazimika tena kurudi ofisini kila saa kufuata kadi. Fundi mkuu, mrefu mwembamba waliyemwita Spana, alipiga simu mahususi kumtania.

"Mama Kadi, leo nimefika kwa mteja kabla hajamaliza kulalamika!"

Mtunza stoo naye, ambaye hajawahi kusifu kitu chochote tangu aajiriwe, alikiri kwamba sasa anaona vipuri vinavyotakiwa tangu asubuhi na kuvifunga mapema. Mama Kadi alikaa mezani, mikono juu ya mapaja, akiwa hana cha kunakili. Mkono ulikuwa unapumzika, moyo hapana. Kila kicheko cha mafundi alikisikia kama barua yake ya kuachishwa kazi inapigwa chapa.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, muuguzi wa zahanati alipiga. Friji yao ilikuwa imezima, na ndani mlikuwa na chanjo na dawa za kisukari. Mama Kadi aliandika kwenye kompyuta jina la zahanati, mtaa na tatizo, akabonyeza. Ikaenda. Lakini hakutulia. Aliitazama skrini, akapeleka mkono pembeni yake, na mkono haukukuta cha kukunja. Kazi ya dawa iende hivihivi, bila kona?

Basi akafanya jambo ambalo hakuna mtu mwingine duniani angelifanya isipokuwa yeye. Aliichapisha ile taarifa kwenye karatasi nyeupe, akaikunja kona ya juu kulia, akaipitishia ukucha ikae sawa, akainuka, akaichomeka kwenye msumari karibu na mlango. Akarudi kukaa, roho kwatu.

Saa nane mchana simu ililia. Alikuwa muuguzi yuleyule.

"Mama, fundi wenu yuko wapi? Nimehamishia dawa kwenye kasha la barafu, na barafu yenyewe inaisha."

Mama Kadi aligeuza shingo. Karatasi ilikuwa pale pale msumarini, peke yake, kona imekunjwa vizuri. Ni siku tatu hakuna fundi aliyekuwa amepita mlango ule. Kwenye mfumo, zahanati ilikuwa ya kumi na nne, kwa vile simu ya kumi na nne ndiyo iliyoileta, na mbele yake ilikuwepo friji ya soda iliyolalamikiwa kwamba inanguruma.

Akamtafuta Spana kwa simu.

"Uko wapi?"

"Niko na hii friji ya soda, mama. Haina shida, inaimba tu."

"Iache iimbe! Zahanati, dawa, kona ya kulia, tangu saa nne!"

Spana hakuuliza la pili. Alitupa vifaa kwenye gari na kuondoka hata kifuniko cha friji ya watu hakukirudisha. Friji ya zahanati ilianza kupoza wakati kwenye kasha vimebaki vipande vya barafu vya kujaza kikombe. Dawa zilinusurika. Kazi ilichukua saa mbili, na Mama Kadi alizikaa akiwa ameushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, wala hakujua anauminya kiasi gani.

Kesho yake asubuhi bosi aliitisha kikao. Mtaalamu alifungua kompyuta yake, akaeleza kwamba mfumo haukukosea. Umeambiwa upange kazi kwa kufuata zilivyoingia, nao umepanga.

"Mfumo gani huo usiojua dawa na soda?" Spana alifoka. "Tulipokuwa na kadi haikuwahi kutokea hii."

"Kweli kabisa," mtunza stoo akadakia, akiwa ameshasahau aliyoyasema juzi.

Bosi alisugua paji la uso. "Labda tulikwenda haraka. Nafikiria turudie kadi kwanza."

Mama Kadi aliisikia sentensi hiyo ikitua mezani. Turudie kadi. Meza yake, daftari lake, msumari wake, kazi yake salama. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya, jambo rahisi kuliko yote. Na kadi mia na ishirini kwa siku, kwa mkono huu. Na Jumamosi saluni. Na swali la mtoto. Akapiga moyo konde.

"Mfumo hauna kosa," alisema. "Kosa ni langu."

Akatoa mkobani ile karatasi na kuiweka katikati ya meza, kona juu. Mafundi walipoiona tu waliguna, Spana akashika kichwa. Bosi na mtaalamu waliitazama bila kuelewa.

"Hii kona ndiyo inayosema kimbia," alieleza. "Ipo na ya wateja wakali, ipo na ya mbwa. Mashine haikuambiwa. Mimi ndiye nilipaswa kuiambia, na badala yake nikakunja karatasi nikaichomeka msumarini kama nimepagawa."

Bosi aliigeuzageuza ile karatasi. "Miaka yote hii nilidhani mnakunja ili zisiteleze." Akamsogezea daftari na kalamu. "Haya, shangazi, tuandikie hapa. Kila kona na maana yake."

Mama Kadi aliishika kalamu. Aliandika neno "Kona," akaanza la pili. Kidole gumba kikajikunja chenyewe, kalamu ikapinda, ikaacha mstari hadi ukingoni mwa karatasi. Akaishika tena. Safari hii ilimponyoka, ikabingirika, ikaanguka sakafuni chini ya kiti cha Spana. Hakuna aliyeinama kuiokota, maana wote walikuwa wanautazama ule mkono uliobaki hewani na vidole vimejipinda.

Angeweza kusema kalamu ina utelezi. Angeweza kusema ni uchovu wa jana.

"Hauandiki," alisema. "Mwaka mmoja na nusu sasa. Nimekuwa nauficha."

"Mwaka mmoja na nusu!" Sauti ya bosi ilipanda. "Na kadi zote zile, mia kwa siku?"

"Mia na ishirini," Mama Kadi akamsahihisha. Karani ni karani tu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniweka wapi?"

Macho ya bosi yalijaa machozi, naye hakuyaficha. Wengine walitazama meza. Mtaalamu aliivuta kompyuta yake karibu, akakunja mikono ya shati.

"Wewe sema tu, mama," alisema. "Mimi nitaandika."

Akaanza kusema. Walidhani watamaliza na chai ya saa nne, wakamaliza saa saba mchana. Zilipokwisha kona tatu yalitoka mengine ambayo hata mafundi hawakuwa wanajua kwamba yeye anajua. Hoteli fulani ikisema friji imekufa kabisa, ujue ni taa ya ndani imeungua. Bucha la mtaa wa pili, mlango hufunguka kwa ndani, usipeleke fundi mwenye ngazi ndefu. Yule mama muuza maziwa akipiga kelele usijali, lakini akiongea polepole kwa heshima, kimbia, maziwa yanaganda. Mtaalamu aliandika mpaka akavua viatu vyake vinavyolia. Mwisho alihesabu mambo thelathini na moja, akasema amefanya kazi hii miaka mingi na hajawahi kukuta mfumo mzima umekaa ndani ya mtu mmoja.

Wiki iliyofuata, Mama Kadi akipokea simu na kugusa neno "dawa," kazi inageuka nyekundu, inaruka juu ya nyingine zote, na simu ya fundi aliye karibu inatikisika mpaka aijibu. Wateja wakali walitumiwa mafundi wawili. Mbwa naye alipata alama yake, na Spana akadai iwekwe yenye meno.

Lile neno la kutisha, kazi nyingine, likaja kuonekana lilivyo. Mfumo ulikuwa unakumbuka friji ipi imetengenezwa mara ngapi. Mama Kadi aliwajua wenye mafriji. Akaanza kuwapigia yeye kabla hawajapiga wao. "Mzee wangu, hiyo mashine yako imeshatengenezwa mara tatu tangu mwaka uanze, usisubiri ikuzimikie na mzigo ndani, kesho nakuletea mtu." Mafriji ya kufa ghafla yakapungua, mafundi wakaacha kukimbizana mji mzima kama wazima moto, na fundi kurudi mara mbili kwa mteja mmoja kwa sababu alisahau kipuri ikawa habari ya kusimulia. Wateja wakaambiana. Hospitali kubwa, ambayo mzee marehemu aliisaka bila kuipata, ilikuja yenyewe.

Bosi alimpeleka Mama Kadi kwa daktari wa mikono yeye mwenyewe, kwa gari lake, akakaa naye kwenye foleni. Daktari aliuliza anafanya kazi gani, akaelezwa, akauliza tena kama amesikia sawasawa. Akampa mazoezi ya vidole na bandeji ngumu, akamwambia mshipa wa fahamu umebanwa kwa muda mrefu, kupona kutachukua miezi, na nguvu za mkono hazitarudi zote. Siku iliyofuata Mama Kadi aliingia getini na bandeji yake mkononi, mchana kweupe. Akitaka kuivua, anaitundika kwenye ule msumari.

Saa kumi na moja jioni anatoka. Wiki za mwanzo mumewe alidhani amefukuzwa na anaogopa kusema.

Ilipita miezi mitano. Jumamosi moja, mtoto akiwa ameshavaa viatu vya kwenda saluni, bibi alimwita.

"Vua hivyo viatu. Lete kitana na mafuta."

Mtoto alivileta mbio, akaketi katikati ya magoti. Bibi aligawa nywele, akaanza. Mstari wa kwanza ulipinda. Akaufumua, akauanza upya, ukapinda kidogo zaidi ya alivyotaka, akauacha. Mtoto alikuwa anasimulia kisa cha mwalimu na chaki, kirefu, kisichokuwa na mwisho. Wa pili. Wa tatu. Ulipofika wa saba, kidole gumba kilianza kukaza, na seremala aliyekuwa mlangoni akijifanya anapiga msasa kiti akakohoa.

"Inatosha kwa leo," bibi alisema, akautikisa mkono. "Miwili tunamalizia kesho. Au nikupeleke saluni wamalizie sasa hivi, usionekane kituko?"

Mtoto alijipapasa kichwa, akahesabu kwa kidole hadi saba, kisha akaufikia upande ambao haujasukwa, nywele zimesimama juu ya sikio kama brashi ya viatu.

"Kesho," alisema.

Alitumwa dukani hivyohivyo. Muuza duka alicheka, akamuuliza nani amemsuka akakimbia kabla ya kumaliza.

"Bibi yangu," mtoto alimjibu. "Anamalizia kesho."

Na kesho yake, kabla hata chai haijachemka, akamalizia.